Mtani wa Folda ya Mchana

Ukimwambia jirani yako wa Tegeta kwamba Jumamosi una kikao cha kutunza mti, atakuuliza kama ni mwarobaini au mkungu, na kama mna mpango wa kuukata awahi kulisogeza gari lake. Swali hilo nimelijibu mara nyingi, na kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha watu kompyuta, silichoki. Na wewe naomba nikueleze taratibu.

Programu yoyote ya kompyuta imeandikwa na mtu. Maandishi yake ndiyo chanzo, nayo hukaa kwenye mafaili, mafaili ndani ya folda, folda ndani ya folda nyingine, kama shina linavyotoa matawi na matawi yakatoa vijitawi. Ndiyo maana tunauita mti. Wa kwetu ulikuwa wa programu ya kupanga ratiba za vipindi shuleni. Mwalimu wa taaluma anaingiza walimu alionao, madarasa na masomo, anabonyeza, ratiba inatoka. Zamani kazi hiyo ilimkalisha sebuleni na karatasi ya manila, rula na kalamu za rangi, watoto wake wakikatazwa kupita karibu. Programu ni ya bure. Anayetaka anaichukua, anayeweza anaiboresha, na hakuna anayelipwa hata soda.

Watunzaji tulikuwa wachache. Nilikuwepo mimi, na kituo changu kidogo cha kompyuta juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako somo hukatizwa na mtu wa chini anayejaribu msumeno wa umeme. Walikuwepo vijana wawili wa Temeke, marafiki tangu shule ya msingi, wepesi wa kuandika programu na wepesi zaidi wa kubishana kuhusu mpira. Na alikuwepo mzee wetu, mwalimu wa hisabati mstaafu, Mpare wa Same, aliyejenga Mbweni. Alikuja kituoni kwangu kujifunza kutuma barua pepe. Barua pepe akaiona ndogo, akaniuliza mashine yenyewe inafikirije, na tangu hapo hakuondoka.

Mwanzoni hatukuwa na sheria yoyote. Hali yetu ilifanana na sufuria la pilau la shughuli. Shangazi anapita, anaonja, anatia chumvi. Anakuja mama mdogo, hajui kama shangazi alipita, naye anatia. Kila mmoja kafanya kwa nia njema, na wageni wanakunywa maji mpaka kesho yake. Kijana mmoja alikuwa anarekebisha jambo asubuhi, mwenzake analirudisha lilivyokuwa mchana, na jioni shule fulani inaletewa ratiba yenye Jumanne mbili.

Kwa hiyo tuliitisha kikao cha kuweka sheria za kuutunza mti. Kikao chenyewe kilikuwa na mwenyekiti, katibu, yatokanayo na mengineyo, kwa sababu hakuna Mtanzania anayeweza kukaa na wenzake watatu mezani bila mmoja wao kuwa mwenyekiti. Tukapitisha sheria tatu. Ya kwanza, kila folda iwe na mlezi wake. Ya pili, badiliko lisiingie kwenye mti mpaka mtu wa pili alisome na aandike kama amelikubali au amelikataa. Ya tatu, folda itakayoshindwa majaribio yetu, na isirekebishwe kabla shule hazijafunguliwa Januari, itolewe kwenye mti.

Hiyo ya tatu aliyeiunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mzee. Alidhani inawalenga vijana na folda yao ya rangi na mapambo, ambayo alikuwa anaiita folda ya saluni.

Sheria zikapita. Tukala vitumbua, tukafunga kwa sala.

Sasa angalia kilichotokea kwenye sheria ya pili. Mzee alikuwa mlezi wa folda ya mchana. Hiyo ndiyo inayopanga ratiba za shule zenye zamu mbili, watoto wengine asubuhi na wengine mchana, maana huku kwetu watoto ni wengi kuliko vyumba. Aliiandika mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Kila alipoleta badiliko, vijana walilisoma kama sheria inavyotaka, na majibu yao bado yamo kwenye kumbukumbu za mti mpaka leo:

“Shikamoo mzee. Nimepitia. Iko vizuri.”

“Marahaba.”

“Shikamoo mzee. Kazi safi sana, tunajifunza.”

“Marahaba, endeleeni.”

Ukizifungua kumbukumbu hizo utadhani ni kitabu cha wageni cha nyumba ya babu. Hakuna badiliko lake hata moja lililowahi kukataliwa. Nami nilifurahi, nikijua tuna mzee asiyekosea.

Halafu mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya huku huku Kinondoni akanipigia simu.

“Mwalimu, hiyo programu yenu imempanga mwalimu wangu wa Kiingereza madarasa mawili, siku moja, saa moja. Sasa nimgaweje? Kichwa kiende Darasa la Tatu, miguu iende la Sita?”

Nikamwomba radhi. Vijana wakaandika jaribio jipya lenye masharti mepesi kabisa: mwalimu mmoja, darasa moja, kwa wakati mmoja. Folda zote zikapita isipokuwa ya mchana. Ikatoa alama nyekundu tangu juu mpaka chini. Zamu ya asubuhi ilikuwa haijaisha na ya mchana ilikuwa imeshaanza, na katika upenyo huo walimu walikuwa wanapangwa kotekote.

Nikampigia mzee.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwalimu. Sema.”

“Kuna shule inalalamika. Ratiba ya zamu mbili inampanga mwalimu mmoja madarasa mawili kwa wakati mmoja.”

“Ndiyo.”

Nikadhani hajanisikia vizuri.

“Yaani mzee, inampanga kweli.”

“Ndiyo, inampanga. Nimeiandika ifanye hivyo.” Akakohoa kidogo, kama mtu anayejiandaa kuandika ubaoni. “Wewe umewahi kufundisha shule ya msingi yenye upungufu wa walimu? Hujawahi. Hawa unawaachia zoezi la kugawanya. Unavuka upande wa pili, wale unawapa imla. Kabla hawa hawajamaliza, umesharudi. Mie nimefundisha hivyo mpaka nikastaafu, na watoto walifaulu. Muhimu madarasa yawe jirani.”

“Na yasipokuwa jirani?”

“Anakimbia.”

Sikumwamini mpaka nilipofungua folda yenyewe. Kweli kulikuwa na hesabu ya umbali kati ya darasa na darasa. Kulikuwa na kasi ya mwalimu. Na mwalimu akishavuka umri fulani, kasi yake ilipunguzwa kwa kanuni nzuri ajabu, ambayo mpaka leo nawaonyesha wanafunzi wangu kama mfano wa kanuni iliyoandikwa kwa usafi.

Kwa hiyo tatizo letu halikuwa kosa la bahati mbaya. Mzee alikuwa ameandika maisha yake mle ndani, kwa ufasaha, na maisha hayo yalikuwa yanawagawa walimu vipande viwili.

Nikawaita vijana. Nikawaambia badiliko lijalo la mzee walisome vizuri, na kama halijaondoa kosa waandike kwamba wamelikataa.

“Ticha,” akasema wa kwanza, “mie nimkatalie mzee? Rika la babu yangu yule. Kidole chenyewe kitagoma.”

“Mie naweza,” akasema wa pili. “Ila niandike kwa jina lake huyu.”

Basi nikalichukua mwenyewe. Badiliko lilipokuja halikugusa kosa hata kidogo, lilikuwa linaongeza kasi ya walimu wa michezo. Nikaandika maelezo marefu, ya upole, yenye mifano. Nilianza na pongezi, nikapita katikati kwa tahadhari kubwa, nikamalizia na pongezi. Mzee akajibu baada ya muda mfupi: “Ahsante kwa maelezo mazuri. Naona tumeelewana.” Na kwa kuwa mahali popote sikuwa nimeandika neno “imekataliwa”, akaliingiza kwenye mti.

Desemba ikafika. Shule zimefungwa, na kufunguliwa kwake hakuko mbali. Kwa sheria tuliyoipitisha wenyewe, folda ya mchana ilikuwa inatoka, na shule zote za zamu mbili zinarudi kwenye manila na rula. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia mzee nilipopigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa mke wake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nasikia mnataka kumtoa mzee kwenye hicho kitu chenu.”

“Hapana mama, siyo yeye, ni folda—”

“Mie folda sijui. Nakwambia hivi. Yule mtu alipostaafu alikaa nyumbani akawa ananikagua mimi. Ninavyokata vitunguu, ananipa maksi. Niliishi hivyo, mwanangu, mpaka alipokuja huko kwako. Sasa asubuhi ananyoa ndevu, anakaa na kompyuta yake, ananiambia, ‘Mama, niko darasani.’ Jana hakunyoa. Mkimtoa, mie jikoni naingiaje?”

Nikamwahidi nitajitahidi, na hapo nikajua nimejifunga. Ningeibakiza folda, walimu wangeendelea kukimbia na sheria zetu zingekuwa mapambo kama yale ya saluni. Ningeitoa, mzee angeacha kunyoa.

Nikaitisha kikao. Suala la folda ya mchana nililipanga chini kabisa, kwenye mengineyo, nikiwa na matumaini kwamba umeme utakatika kabla hatujafika huko.

Kwenye kikao hicho nilikuwa nimemwalika mtu mpya, dada mmoja aliyekuwa anasoma kwangu masomo ya jioni. Mchana alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji Kinondoni, kazi ya kukagua kurasa kabla hazijapelekwa mashineni. Kwa maneno mengine, alikuwa analipwa kwa kurudisha kazi za watu. Nilimpa ruhusa ya kuusoma mti mapema ili asije akakaa kimya kama mgeni.

Alifika tukiwa kwenye chai. Akamsalimia mzee kwa adabu zote, mzee akaitikia, akamuuliza kama wazee wote wanavyouliza:

“Nyumbani ni wapi, mama?”

“Wazazi wako Moshi, mzee. Kibosho.”

Mzee akaweka kikombe chini. “Mchaga! Nani kamruhusu Mchaga aingie humu? Jamani shikeni kompyuta zenu, huyu akitoka hapa mtazikuta sokoni zikiuzwa.”

Vijana wakaduwaa. Dada wala hakupepesa macho.

“Kumbe wewe Mpare? Basi ndiyo maana kikao kina katibu na mwenyekiti na chai yenyewe haina sukari. Mzee, sogea kidogo, umeziba feni.”

Na mzee akasogea! Huku anacheka mpaka miwani inateleza puani. Sijawahi kuona mtu yeyote akimwambia mzee yule asogee.

Kama umekulia mahali pasipo na utani, nikueleze. Kuna makabila ambayo yamekuwa watani tangu enzi za mababu, na Wapare na Wachaga ni miongoni mwao. Mtani wako anaweza kukuambia mbele za watu neno ambalo mwanao wa kumzaa hawezi kukuambia mkiwa wawili. Anaweza kuja msibani kwako akamsema marehemu kwa ubahili wake, na waliofiwa wakacheka kwa machozi. Ukikasirika, aibu ni yako. Heshima haijavunjwa, kwa sababu kati ya watani heshima imepewa mlango wake wa pembeni. Mimi ni Mzaramo, nina watani wangu wa bara, na nimetaniwa maisha yangu yote. Ila sikuwahi kufikiri kwamba jambo hilo linaweza kuwa na kazi kwenye programu ya kompyuta.

Nilikuwa bado nasoma yatokanayo yule dada aliponikatiza.

“Samahani mwenyekiti. Hiyo folda ya mchana ni ya nani?”

Vijana wakatazama vitumbua.

“Yangu,” akasema mzee.

“Nimeisoma jana. Mzee, mwalimu ni mtu, siyo feni ya kugeuka huku na huku. Umewakimbiza wenzako kama wanaodaiwa faini. Mie ningekuwa mwalimu wa shule hiyo ningekushtaki, na wewe ungefurahi, maana Wapare mahakamani ndiko nyumbani.”

Niliangalia dari. Kijana wa kwanza aliniambia baadaye kwamba alikuwa anaomba kimoyomoyo. Mzee akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati.

“Nyie Wachaga,” akasema, “mnajua nini kuhusu ualimu? Mkiona chaki mnauliza bei ya jumla.”

“Tunajua kwamba mtu ana miguu miwili na yote huenda upande mmoja. Mimi nalikataa badiliko lako la mwisho.”

“Huwezi kulikataa.”

“Sheria yenu ya pili inasema naweza. Na uliinyooshea mkono, nimesoma muhtasari.”

“Nakata rufaa!”

“Kata. Mpare asipokata rufaa nitampeleka hospitali.”

Tulicheka mpaka mtu wa msumeno akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Na wakati wote huo kijana wa pili alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza. “Ticha,” akaninong’oneza, “huyo sista ndiye. Mpe folda.”

Nikampa palepale. Tukaandika kwenye muhtasari kwamba msomaji wa folda ya mchana ni yeye. Suala la mengineyo sikulifikia kabisa, na umeme ulikuwepo.

Zilizofuata ndizo kumbukumbu ninazozipenda kuliko zote kwenye mti ule. Mzee analeta badiliko, dada anaandika: “Imekataliwa. Mwalimu wa Sayansi bado anakimbia. Mnunulie hata viatu.” Mzee anajibu: “Rufaa. Ni hatua chache tu.” Dada: “Hatua chache za Mpare anayewahi kesi. Imekataliwa.” Mzee: “Niambie basi ulitaka iweje, wewe mwenye duka.” Na dada, ndani ya matusi hayo hayo ya kirafiki, anamwonyesha mstari wenye shida na kumweleza wazi, bila pongezi mwanzoni wala mwishoni. Mimi na upole wangu wote sikuwahi kueleza jambo likaeleweka haraka vile.

Mke wake akanipigia tena. “Ananyoa,” akasema. “Ila sasa anacheka peke yake. Huyo Mchaga ni nani?”

“Ni mtani wake, mama.”

“Aa, basi sawa.” Akakata simu.

Badiliko lililokuja kupita halikufuta kazi ya mzee hata kidogo, na hilo ndilo lililonifurahisha zaidi. Umbali ulibaki. Kasi ya mwalimu ilibaki, pamoja na ile kanuni yake ya umri. Alichokigeuza ni matumizi. Badala ya kupima kama mwalimu anaweza kukimbia akawahi madarasa mawili, programu sasa inapima anahitaji muda gani kutoka zamu moja kwenda nyingine kwa mwendo wa mtu mzima, na inamwachia nafasi hiyo. Mwalimu mwenye umri mkubwa anaachiwa zaidi. Majaribio yakatoa kijani juu mpaka chini. Dada akaandika: “Imekubaliwa. Nimeumia sana kuandika hivyo.”

Shule zilipofunguliwa, yule mwalimu mkuu akapiga.

“Mwalimu wangu wa Kiingereza kapata nafasi ya kunywa chai,” akasema. “Kaja ofisini kuniuliza kanikosea nini.”

Tukaona jambo hili tuliwekee sheria. Kuanzia hapo kila folda ingekuwa na mlezi na mtani, na mtani ndiye msomaji. Vijana wakalalamika kwamba wao wamezaliwa Temeke na kabila lao ni Temeke. Mzee akawauliza mnashabikia timu gani. Mmoja ni wa wekundu, mwingine wa njano na kijani. Tatizo likaisha hapo. Tangu siku hiyo wanakataliana kazi bila huruma, hasa Jumatatu, kutegemea nani kafungwa mwishoni mwa wiki. Folda ya rangi na mapambo haijawahi kuwa safi namna hii.

Nikabaki mimi. Mlezi wa folda ya mwongozo, ile yenye sheria zetu zote, na watani wangu wa bara hawakuwepo hata mmoja. Nikaandika sheria mpya vizuri, kwa maelezo na mifano, nikaiweka isubiri msomaji, nikijua itapita kwa salamu tu.

Nilipofungua kesho yake, nikakuta maneno ya mzee.

“Imekataliwa. Na kabla hujauliza nimepata wapi mamlaka, babu na mjukuu ni watani duniani kote, na kwa shughuli hii mie ni babu yako. Kwanza, maelezo ni marefu, unaeleza hata yanayojieleza. Pili, sheria ya tatu nimeisoma upya, na aliyeiunga mkono alikuwa mjinga. Inasema folda itolewe, haisemi mlezi aambiwe. Andika hivi: kabla ya kuitoa folda ya mtu, mwenyekiti aende nyumbani kwake amwambie ana kwa ana, na aende na vitumbua. Tatu, hapakuwa na la tatu, ila Mpare hawezi kuishia la pili.”

Nikakata maelezo yangu karibu nusu. Iliniuma. Kile kifungu nikakiandika kama alivyosema, pamoja na vitumbua, na kimo humo mpaka leo. Shule zinazochukua programu yetu hukisoma na kutuandikia kuuliza kama ni mzaha. Huwa nawajibu taratibu kwamba hapana, ni sheria.

Nilipoirudisha sheria, nikaandika chini yake: “Shikamoo babu. Nimerekebisha.”

Jibu likaja kabla sijafunga kompyuta.

“Marahaba mjukuu. Bado ni ndefu.”